Maiki Moja, Sauti Ishirini

Ukiingia Kitengela siku ya Jumamosi, hesabu mahema. Kila ploti ambayo haijajengwa ina hema jeupe, viti vya plastiki na spika mbili zilizogeuziwa barabara. Hapa ni ruracio, pale ni harusi, kule ni mchango wa bili ya hospitali. Ndani ya kila hema kuna msee mmoja anayesema "cheki, cheki, moja mbili" kana kwamba nambari ya tatu haikuwahi kubuniwa. Mimi ni mmoja wa hao wasee. Nabeba waya, stendi na miksa, na swali ninaloulizwa na waimbaji kuliko mengine yote ni hili: ninunue maiki gani?

Mafundi wengi watakujibu kwa nambari tu: hamsini na nane. Wanamaanisha Shure SM58, ile yenye kichwa cha wavu kilicho duara, ambayo hata mtoto akiambiwa achore maiki huchora hiyo. Jibu hilo si baya, na mimi mwenyewe hulitoa. Lakini kila maiki ilibuniwa na watu fulani kwa jukwaa fulani, na katika kuibuni waliamua nani asikike na nani azimwe. Ukiinunua, unanunua na uamuzi huo. Hapa Kajiado, ambako kuna wimbo usioimbwa na mtu mmoja, uamuzi huo una gharama yake.

Tuanze na wimbo wenyewe. Wimbo wa Kimaasai wa asili hauhitaji ngoma wala gitaa. Ala zake ni watu. Anayeongoza anaitwa olaranyani. Huanza kwa kutoa mstari uitwao namba, kundi humwitikia, kisha yeye huimba beti zake juu ya sauti za wenzake. Chini ya beti hizo kuna sauti nzito za kooni, pumzi inayoingia na kutoka kwa mpigo, na huo mpigo ndio ngoma yenyewe. Shanga na vipande vya chuma shingoni mwa akina mama vinalia kwa mdundo uleule mabega yakipanda na kushuka. Olaranyani hapewi nafasi kwa sababu ya cheo. Kwa kawaida ni yule anayeuweza wimbo ule kuliko wengine, na akishachoka mwingine anaweza kuushika.

Kitu muhimu hapo ni umbali. Waimbaji husimama bega kwa bega, na kila mmoja anamsikia mwenzake bila kukaza shingo. Hakuna jukwaa. Kukiwa na haja ya kuita walio mbali, kama katika sherehe ya eunoto ambapo morani hunyolewa, kuna pembe ya tandala. Pembe hiyo haihitaji stima. Mwaka wa 2018, UNESCO iliziweka enkipaata, eunoto na olng'esherr, sherehe tatu za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miaka miwili baadaye, maelfu ya wanaume walikusanyika katika vilima vya Maparasha, humu humu Kajiado, kwa olng'esherr, sherehe inayowatoa kwenye umorani na kuwaingiza kwenye uzee. Kwa hivyo tunapozungumzia wimbo huu hatuzungumzii kitu cha makumbusho. Ni kitu ambacho jirani yako wa Isinya anakiimba wiki hii.

Maiki nayo ilikulia mbali na duara hilo. Mwanzoni, hata kwenye studio, mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyosukuma sindano ichore sahani. Mwaka wa 1925 kampuni kubwa za sahani zilianza kuiacha pembe hiyo na kutumia maikrofoni. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1928, Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi taarab kwa HMV, mojawapo ya safari za kwanza za sauti ya Kiswahili kwenda kuwa sahani. Alikuwa mwimbaji wa kizazi kilichofunzwa na kumbi zisizo na spika. Kule Marekani, wakati huohuo, kizazi kingine kilikuwa kinajifunza kinyume chake. Bing Crosby alionyesha kwamba mwanamume anaweza kuimba polepole, karibu kwa kunong'ona, na bado ukumbi mzima ukamsikia. Maiki iliondoa sharti la mapafu makubwa.

Katika mwaka uleule wa 1925, jijini Chicago, Sidney Shure alifungua biashara ya kuuza vipuri vya redio. Mwaka wa 1939 kampuni yake ilitoa maikrofoni ya Unidyne, kazi ya mhandisi Benjamin Bauer. Unaijua hata kama hujui jina lake: ni ile ya chuma inayong'aa, yenye mistari kama mdomo wa gari la zamani, ambayo Elvis Presley anaonekana akiikumbatia katika picha. Ujanja wa Bauer ulikuwa kwamba maiki hiyo, kwa kipokezi kimoja tu ndani yake, ilisikia kilicho mbele na kukiacha kilicho nyuma. Ukichora eneo inalosikia, mchoro unafanana na moyo, na ndiyo maana aina hii huitwa kadioidi, kutoka neno la Kigiriki la moyo. Mwaka wa 1959 mhandisi mwingine wa hapo, Ernie Seeler, alitoa Unidyne III, ambayo unaizungumzia kwenye ncha, kwa hivyo unaweza kuishika mkononi kama aiskrimu. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa SM58 mwaka wa 1966. Herufi SM ni kifupi cha maikrofoni ya studio. Ilikusudiwa studio, si majukwaa, na mwanzoni mauzo yake yalikuwa hafifu. Karibu mwaka wa 1970 wauzaji waliipeleka kwa mafundi wa kumbi za Las Vegas, na hapo ndipo ilipata kazi yake ya kudumu.

Kwa nini Las Vegas waliipenda? Ndani yake kuna kiwambo chembamba kilichoungwa na koili ya waya inayocheza kando ya sumaku. Sauti inatikisa kiwambo, koili inasogea, umeme mdogo unazaliwa. Ni spika iliyogeuzwa kinyumenyume. Haihitaji betri, haiogopi jasho, na ikianguka unaiokota unaendelea. Muhimu zaidi, ni kiziwi kwa upande wa nyuma, mahali ambapo spika ndogo ya kumrudishia mwimbaji sauti yake, ile tunayoiita monita, inakaa sakafuni. Bila uziwi huo, sauti ya spika inaingia tena kwenye maiki, inatoka tena kwenye spika, inazunguka, na unapata ule mluzi unaofanya bibi arusi azibe masikio. Wataalamu wanauita athari ya Larsen, kwa jina la mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen.

Basi hilo ndilo swali ambalo hamsini na nane ililijibu vizuri: mtu mmoja, mbele ya bendi yenye kelele, anataka asikike peke yake. Ili imsikie huyo, lazima iwapuuze wengine. Hesabu yake ni rahisi. Mwimbaji akiwa sentimita 5 kutoka kwenye wavu, na mwenzake akiwa sentimita 50, sauti ya huyo wa pili inafika ikiwa chini kwa desibeli 20. Kwa sikio la binadamu hiyo ni kama robo ya ukubwa wake, kabla hata hatujahesabu kwamba amesimama pembeni, ambako maiki husikia kidogo zaidi.

Sasa maiki hiyo ilifikaje katikati ya duara la Kajiado? Jibu liko kwenye ardhi. Sehemu kubwa ya Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja ya wafugaji, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi hiyo iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZ, ikaja mwaka wa 1990, viwanda vikafunguliwa Athi River, na maelfu ya wafanyakazi wakatafuta nyumba za kupanga karibu. Kitengela ilikuwa karibu. Vipande vikawa ploti, ploti zikawa fleti, na barabara ya Namanga ikajaa malori ya saruji na matatu zenye muziki wake. Sehemu ambayo sauti ya mtu ilipasua uwanda ikawa sehemu ambayo lazima upige kelele kuagiza chai.

Kwa hivyo nisieleweke vibaya. Maiki haikuja kuharibu wimbo. Iliitwa, kwa sababu mji ulikuwa umeanza kuumeza. Arusi inayofanyika mita chache kutoka kwenye barabara kuu haiwezi kutegemea koo tupu. Na wageni wa arusi hiyo si wa boma moja tena: kuna shemeji wa Murang'a, wenzake bwana arusi kutoka kiwandani, na mwenye nyumba. Wote wamekaa kwenye viti kama watu walio kwenye ukumbi, wakitazama mbele. Duara limefunguka likawa mstari unaotazama hadhira.

Tena maiki ya mtu mmoja imewafaa watu wa Maa, hilo lazima lisemwe. Ifuate barabara hiyohiyo ya Namanga, pita Kajiado, vuka mpaka, pita Longido, utafika Arusha. Huko ndiko walikotoka X Plastaz, kundi la hip hop lililomweka Merege, mwimbaji wa Kimaasai, pamoja na marapa. Albamu yao ya mwaka wa 2004 inaitwa "Maasai Hip Hop". Pale sauti moja ya Kimaasai ilihitaji kusimama imara dhidi ya mashine ya midundo na maneno ya haraka, na hiyo ni kazi ambayo maiki ya aina ya hamsini na nane inaijua. Na kuna faida nyingine isiyo na kelele: mtu mwenye sauti ndogo, msichana wa mashairi ya jukwaani, mzee ambaye kifua kimechoka, wote wanaweza kushika zamu. Shida inaanza pale chombo cha mtu mmoja kinapopewa watu ishirini, na hakuna anayeuliza kumi na tisa wameenda wapi.

Niliulizwa swali hilo na mama mmoja wa upande wa Isinya. Ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaoimba kwenye harusi, na watu wa umri wangu tunamwita yeyo, mama, kwa heshima. Kikundi kilikuwa kimealikwa kwenye sherehe moja, na fundi wa siku hiyo alimpa kiongozi wao maiki ya mkononi, akaiongeza sauti, akaenda kula. Baadaye walitazama video kwenye simu. Kiongozi alisikika kana kwamba anaimba bafuni peke yake, akinyamaza kila mara bila sababu, kwa sababu majibu ya wenzake hayakuwepo. Juu ya hayo, aliyewaalika alifikiria kwamba safari ijayo amwite kiongozi tu, awekewe mdundo wa kompyuta nyuma, gharama ipungue. Yeyo hakukasirika. Alikuwa na pesa za chama mkononi na alitaka kujua kama kuna maiki moja, hata ikiwa ya bei kali, itakayowasikia wote.

Ukifikiria vizuri, hilo ni swali la kama kundi litaendelea kuwa kundi. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kidole kimoja ndicho kinacholipwa kama hicho ndicho kinachosikika.

Kuna maiki zinazosikia mbali zaidi, zinaitwa kondensa. Kiwambo chake ni chepesi sana na hunasa hata shanga zikigusana. Lakini nyingi zinahitaji umeme kutoka kwenye miksa, kwa kawaida volti 48, na zile spika za kuvuta zenye magurudumu na betri, ambazo ndizo utakazozikuta kwenye maboma mengi ya ndani, mara nyingi hazina umeme huo. Tena kinachosikia mbali kinasikia spika pia, na mluzi unakuja mapema. Je, kila mama apewe maiki yake? Hapana. Kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unalazimika kushusha sauti kwa takriban desibeli 3 kabla ya mluzi. Maiki ishirini zitakugharimu karibu desibeli 13. Utakuwa na meza iliyojaa waya na sauti ndogo kuliko ulivyoanza.

Nilichompendekezea ni maiki tatu za kawaida za koili na sumaku, zote kadioidi. Moja ya mkononi kwa kiongozi. Mbili juu ya stendi, mbele ya nusu duara, umbali wa urefu wa mkono, zikitazama midomo. Spika zikae mbele kabisa, upande wa wageni, nyuma ya migongo ya maiki. Na monita zisiwepo. Akina mama hawa wamesimama bega kwa bega, wanasikiana bila msaada wangu. Ukiondoa monita unapata nafasi ya kupandisha sauti ambayo bendi nyingi haziipati.

Utashawishiwa ununue aina ya gharama zaidi, kama Beta 58A, ambayo ni superkadioidi. Ni nzuri kwa rapa aliyesimama mbele ya madrama. Lakini eneo lake la mbele ni jembamba zaidi, inasikia kidogo kwa nyuma kabisa, na sehemu zake za uziwi ziko pembeni kwa nyuma, karibu nyuzi 125 kutoka mbele. Kwa kundi, wembamba ni hasara. Unalipa zaidi kuwasikia wachache zaidi.

Halafu kuna upepo. Kaunti hii si ya mchezo kwa upepo: huko Kipeto kuna mitambo 60 inayouvuna kuwa megawati 100 za stima. Upepo ukipiga wavu wa maiki, spika zinanguruma. Fundi mwenye haraka anabonyeza kitufe cha kukata sauti za chini kwenye miksa, na ngurumo inaisha. Lakini kitufe hicho kwa kawaida hukata kuanzia hezi 80 au 100 kwenda chini, na huko ndiko sauti nzito za kooni za wanaume zinakoanzia. Umeondoa upepo pamoja na ngoma. Vaa maiki kofia ya sponji kwanza. Kitufe kije baadaye, na ukikibonyeza sikiliza kilichopotea.

Na kabla ya kulipa, omba mizani. SM58 halisi ina gramu 298 bila waya, na bei yake Marekani imekuwa ikizunguka dola 100 kwa miaka mingi. Kopi zake zimejaa duniani. Ukipata ya bei ya soksi, na uzito wake uko mbali na huo, uliza maswali. Afadhali ununue ya kampuni nyingine yenye jina lake halisi kuliko bandia yenye jina kubwa.

Mpango huu wa maiki chache kwa watu wengi sikuubuni mimi. Bendi za bluegrass za Marekani zilisimama kuzunguka maiki moja: anayeimba ubeti anasogea, akimaliza anarudi nyuma kumpisha mwenzake, na kwa miguu yao wanafanya kazi ya fundi wa miksa. Hapa kwetu, Hugh Tracey alipopita Bonde la Ufa mwaka wa 1950 na kurekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha" kule Kapkatet, hakuwa na jukwaa la kuwapandisha. Picha za safari zake zinamwonyesha ameshika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa waimbaji na ala zao. Wimbo ulibaki ulipo na chombo ndicho kilichotembea. Olaranyani naye amekuwa akitoka mbele na kurudi kundini tangu zamani, kwa hivyo mama hawa hawakuhitaji mafunzo mengi kutoka kwangu. Niliwaonyesha tu mahali pa kusimama, na nikamwomba kiongozi aishushe maiki yake wenzake wanapojibu.

Kwa hivyo ukija kuniuliza ununue gani, nitakuuliza kwanza: mko wangapi, nani anahitaji kumsikia nani, na mpigo wa wimbo wenu unatoka wapi, kwenye spika au kwenye vifua? Ukiwa peke yako na bendi, chukua hamsini na nane au ndugu yake, iweke karibu na mdomo, usiufunike wavu kwa kiganja, maana ukiufunika unaharibu ule uziwi wa nyuma na mluzi unakuja. Mkiwa kundi, msinunue umaarufu. Nunueni stendi.

Akina mama wa Isinya walinunua tatu, na sponji tatu. Kwenye video iliyofuata unasikia majibu, pumzi na shanga, na kiongozi yuko ndani ya wimbo badala ya kuwa juu yake. Aliyetaka kumwita kiongozi peke yake sasa anaelezwa kwamba kikundi hakikodishwi vipande. Yeyo amezifungia kwenye sanduku la bati nyumbani kwake, na kwenye daftari la chama, chini ya viti na sufuria kubwa, ameandika: maiki 3, mali ya kikundi.